Kuitembelea Bristol kwa miguu: fuata maji, uliza shehena

Mtu wa pwani akifika Bristol mara ya kwanza huuliza: bahari iko wapi? Mji umesifiwa kwa meli tangu enzi na enzi, lakini ukisimama katikati yake huoni upeo wa bahari wala husikii wimbi. Bandari ya zamani iko ndani, kando ya mto Avon, zaidi ya kilomita 10 kutoka mto unapomwaga maji yake. Hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa, na mtu asiyelielewa huona majengo mazuri na makumbusho kadhaa, akaondoka bila kujua kwa nini mji ule ulikaa pale.

Mwongozo huu ni wa siku tatu za kutembea. Nimeupanga kwa utaratibu ninaouamini: kwanza maji, halafu fedha, halafu wanadamu waliolipia fedha hiyo, mwisho ndiyo meli na madaraja yanayopigwa picha na kila mtu. Wageni wengi huanza na picha. Nakusihi usianze huko.

Hatua ya 1: Karatasi, mizigo na njia ya kufika

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya matembezi ya Uingereza. Unaomba mtandaoni, unalipa ada, kisha unakwenda kituoni kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Dirisha la kuomba hufunguka miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki kama tatu. Omba mapema, maana wiki tatu zikiangukia kwenye msimu wa watu wengi huweza kurefuka. Ndugu zetu wenye pasipoti za Oman, Marekani au nchi za Ulaya hawaombi viza kwa matembezi mafupi, lakini lazima wapate kibali cha kielektroniki kabla ya kupanda ndege.

Ukitua Heathrow una njia mbili. Basi la masafa marefu linakwenda moja kwa moja hadi Bristol, na mara nyingi ndilo la bei nafuu. Ama uingie London, upande treni katika stesheni ya Paddington; safari ni saa moja na dakika arobaini hivi. Tiketi ya treni inunue siku nyingi kabla, kwa kuwa bei ya dirishani siku yenyewe inaumiza. Na hapa wengi hukosea: kuna stesheni mbili zenye jina la mji. Bristol Parkway iko nje, pembezoni. Wewe shuka Bristol Temple Meads.

Plagi za ukutani ni zilezile za pini tatu za mraba za Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo anayetoka huko hahitaji kununua kiunganishi. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi akibebe, tena akumbuke kwamba magari hupita kushoto, hivyo atazame kulia kwanza anapovuka barabara. Vaa viatu vilivyozoea mguu. Bristol ni mji wa vilima, na mvua yake huja bila hodi hata mwezi wa Julai. Kati ya Mei na Septemba ndiyo wakati mzuri.

Hatua ya 2: Tafuta ratiba ya maji kabla ya kitu kingine

Tunajua sisi bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu kabisa, na maji mafu, siku yanapopungua nguvu. Mombasa, maji ya bamvua yakijaa na kupwa hupishana kama mita nne. Kwenye mlango wa Avon, bamvua kubwa huweza kupishana kwa karibu mita 14. Soma tena: mita 14, urefu wa nyumba ya ghorofa nne. Ni miongoni mwa tofauti kubwa kabisa za maji duniani.

Sasa fikiria nahodha wa miaka ya 1700 aliyetia nanga katikati ya mji. Maji yakipwa, meli yake yenye shehena inakaa juu ya tope, imelalia ubavu. Meli dhaifu ilipasuka mbavu. Mzigo usiofungwa sawasawa ulimwagika na kupondana. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza husema kitu kilichopangwa na kufungwa barabara kimekaa kwa mtindo wa Bristol.

Dawa ilipatikana mwaka 1809. Mhandisi William Jessop aliuziba mto kwa mageti, akayafungia maji ndani ya mji ili meli zielee saa zote, na maji ya kujaa na kupwa akayachimbia mfereji wa pembeni uitwao New Cut. Bandari ile iliyofungwa bado ipo na ndiyo utakayoizunguka siku zote tatu. Ila dawa ilikuja kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa; ada za bandari zilipanda, na Liverpool ilikuwa imeshaipita Bristol mbali.

Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi ya kwanza, maji yakiwa yamepwa, nenda kasimame ukingoni mwa New Cut, upande wa kusini wa bandari. Utaona tope la kahawia linalong'aa kama chokoleti, na katikati kijito chembamba. Rudi baada ya muda wa saa sita, mahali palepale. Nilipoona maji yale yamepanda hadi karibu na ukuta wa barabara nilikaa kimya muda mrefu, na mimi nimezaliwa Tanga, maji kujaa na kupwa nimeyaona tangu utotoni.

Hatua ya 3: Corn Street, mahali fedha ilipohesabiwa

Jina la mji lilianza kama Brycgstow, kwa Kiingereza cha kale maana yake mahali penye daraja. Mfalme Edward III aliupa hadhi ya kuwa jimbo linalojitegemea mwaka 1373, kwa utajiri wa sufu na mvinyo. Mji wa zamani unauingia kupitia Corn Street, na hapo simama mbele ya jengo la Exchange la mwaka 1743.

Nje ya mlango wake kuna meza nne za shaba nyeusi, za mviringo, juu ya mguu mmoja. Huitwa misumari. Wafanyabiashara waliweka fedha juu yake mbele ya macho ya watu, biashara ikaisha hapohapo. Weka mkono juu yake, hakuna atakayekukataza.

Kisha tazama saa iliyo juu. Ina mishale miwili ya dakika. Mmoja unaonyesha saa ya London na mwingine saa ya Bristol, ambayo iko nyuma kwa dakika kumi hivi, kwa sababu jua linafika upande huu wa magharibi likiwa limechelewa. Kabla ya reli kila mji ulifuata jua lake. Treni zilipoanza kukimbia, ratiba zikagongana, na mwaka 1852 Bristol ikakubali saa ya London. Mswahili anayesema saa mbili asubuhi huku simu yake imeandika nane hahitaji maelezo marefu kuhusu saa ile.

Nyuma ya jengo kuna soko la St Nicholas. Kula hapo mchana. Bei zake ni za kawaida kuliko mikahawa ya gatini, na kuna vyakula vya pembe nyingi za dunia.

Hatua ya 4: Mitaa ya watumwa na mabwana

Hii ndiyo hatua ya kuipa nusu siku nzima, na usiikimbilie.

Mwaka 1698 bunge la Uingereza liliondoa ukiritimba wa kampuni ya kifalme ya London katika biashara ya Afrika. Wafanyabiashara wa Bristol walikuwa wanausubiri mlango huo. Mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1807, meli za Bristol zilifanya safari zaidi ya 2,000 na kubeba watu wapatao nusu milioni. Katika miaka ya 1730 mji huu uliipita hata London kwa biashara hiyo. Meli ziliondoka na vyombo vya shaba, bunduki, nguo na pombe, zikaenda Afrika Magharibi. Zikavuka bahari na wanadamu hadi visiwa vya Karibi na Virginia. Zikarudi na sukari, tumbaku na ramu. Sisi tuna Kilwa, Bagamoyo na soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, na njia zake zilikuwa nyingine. Usichanganye historia hizi mbili, ingawa ukiwa na moyo utazisikia zikiitana.

Anza mtaa mdogo wa Thomas Lane, nyuma ya Victoria Street, kwenye baa ya Seven Stars. Mwaka 1787 kijana aitwaye Thomas Clarkson alikuja hapa kukusanya ushahidi dhidi ya biashara ya watumwa. Mwenye baa ndiye aliyemwongoza usiku kwenye vilabu vingine, akaona jinsi mabaharia walivyoleweshwa na kutegwa na madeni ili waingie kwenye meli hizo. Clarkson alihesabu pia mabaharia wenyewe waliokufa safarini, na orodha ilikuwa ndefu. Ukutani kuna kibao cha kumbukumbu. Huna haja ya kunywa chochote. Soma kibao upite.

Vuka daraja la Bristol, tembea Welsh Back hadi King Street. Mtaa huu una jumba la maigizo lililofunguliwa mwaka 1766 na linalofanya kazi mpaka leo. Ukitokeza upande wa pili uko Queen Square, uwanja wa nyasi uliozungukwa na nyumba za matajiri wa bandari. Ni mahali pazuri sana pa kupumzika. Ukiwa umekaa kwenye benchi, jiulize matofali yale yalinunuliwa kwa sukari ya nani.

Karibu na hapo kuna daraja la watembea kwa miguu lenye pembe mbili kubwa kama baragumu. Linaitwa Pero's Bridge, limejengwa mwaka 1999, na jina ni la mtu. Pero Jones alizaliwa utumwani katika kisiwa cha Nevis. Alikuwa mtoto wa miaka 12 aliponunuliwa na John Pinney, mwenye mashamba ya miwa, na baadaye akaletwa Bristol kama mtumishi wa ndani. Alifariki mwaka 1798. Wapenzi hufunga kufuli kwenye vyuma vya daraja lile. Sijui wangapi wamesoma kibao chenye jina lake.

Kutoka darajani panda kilima hadi namba 7, Great George Street. Hiyo ndiyo nyumba yenyewe ya Pinney, sasa makumbusho, kiingilio bure. Hufungwa majira ya baridi na baadhi ya siku za wiki, hivyo hakikisha kabla ya kupanda. Utaona sebule, vitabu, vyombo vya chai, na chini kabisa birika la maji baridi ambamo bwana alijitumbukiza kwa ajili ya afya yake. Mimi nilikaa zaidi jikoni na kwenye ngazi za watumishi. Mikono ya Pero ilipita pale.

Hatua ya 5: M Shed, na sanamu iliyolala

M Shed ni ghala la bandari la miaka ya 1950 lililogeuzwa makumbusho ya mji. Bure pia, na Jumatatu hufungwa. Nje yake kuna winchi kubwa za umeme zilizosimama kwenye reli zake, na mara nyingi utaikuta hapo meli ya mbao iitwayo Matthew.

Matthew ni nakala iliyojengwa miaka ya 1990. Ile ya asili iliondoka Bristol mwezi wa Mei 1497 na John Cabot, Mtaliano aliyekuwa akitumikia mfalme wa Uingereza, ikafika Amerika Kaskazini. Miezi miwili baadaye, Julai 1497, Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa na Malindi. Wote wawili walikuwa wanaitafuta mali ya mashariki. Ukiingia ndani ya Matthew utashangaa udogo wake. Nimeona majahazi Tanga yaliyokaribia kuwa sawa nayo.

Ndani ya M Shed nenda moja kwa moja kwenye sanamu ya Edward Colston. Alikuwa kiongozi katika ile kampuni ya kifalme iliyouza watu, kisha akatoa fedha nyingi kwa shule na nyumba za maskini za Bristol, na mwaka 1895 mji ukamjengea sanamu ya shaba. Watu walilalamika kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha, wakaiburuta na kuitumbukiza majini karibu na Pero's Bridge. Ilipoopolewa haikurudishwa juu ya nguzo. Sasa imelala chali makumbushoni, rangi za waandamanaji zikiwa bado juu yake. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote: isifichwe, isisimamishwe, ilazwe pale watoto wa shule waiulize maswali.

Usitoke bila kuona habari za mgomo wa mabasi. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji ilikataa kuajiri watu weusi na Waasia kama madereva na makondakta. Kijana Paul Stephenson na wenzake kutoka Karibi waliwaomba wakazi wasipande mabasi, kuanzia mwisho wa Aprili. Tarehe 28 Agosti kampuni ilisalimu amri, na kondakta wa kwanza asiye mzungu alikuwa Singasinga, Raghbir Singh. Ni mwaka uleule ambao Zanzibar na Kenya zilipata uhuru, mwezi wa Desemba.

Hatua ya 6: SS Great Britain ndani ya gudi

Kutoka M Shed fuata gati kuelekea magharibi, mwendo wa robo saa, au panda feri ndogo ya njano na buluu. Hapa unalipa kiingilio, na kinastahili.

Meli hii ilibuniwa na Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyejenga pia reli ya London hadi Bristol na stesheni ya Temple Meads. Iliteremshwa majini mwaka 1843, urefu wake mita 98, meli kubwa ya kwanza ya bahari kuu yenye mwili wa chuma na kusukumwa na panga boi badala ya magurudumu ya pembeni. Ilikuwa kubwa mno hata kwa mageti ya bandari yake. Mawe ya ukingoni yalibidi yaondolewe ndipo itoke, Desemba 1844. Mwaka uliofuata ilivuka Atlantiki kwa siku 14. Baadaye ilibeba wahamiaji wengi kwenda Australia. Mwishoni iligeuzwa bohari kule visiwa vya Falkland, ikatelekezwa kwenye maji machache mwaka 1937, na mwaka 1970 ikavutwa juu ya jukwaa la chuma linaloelea hadi nyumbani, kwenye gudi, yaani shimo kavu la kujengea meli, lilelile lililoizaa.

Anza chini, si juu. Gudi limefunikwa kwa kioo chenye maji juu yake, hivyo ukiwa nje meli inaonekana inaelea. Shuka ngazi uingie chini ya kioo hicho, utembee kando ya mkuku wake, yaani uti wake wa chini. Utaona chuma kilicholiwa na chumvi mpaka kikatoboka. Mashine zinakausha hewa mle ndani hadi unyevu unabaki karibu asilimia 20, maana zaidi ya hapo kutu ingeendelea kula. Ngozi ya mtu wa Tanga inaisikia hewa ile mara moja: kavu kama jangwa.

Ukipanda ndani, linganisha vyumba vya daraja la kwanza na vitanda vya mbao vya wahamiaji maskini. Wametia hata harufu.

Hatua ya 7: Daraja la Clifton

Fupi hapa, kwa kuwa daraja hujieleza lenyewe. Ubunifu ni wa Brunel huyohuyo, aliyefariki mwaka 1859; daraja lilifunguliwa mwaka 1864. Linaning'inia kutoka mwamba hadi mwamba, mita 214 kati ya minara, karibu mita 75 juu ya mto. Kwa miguu ni bure. Nenda maji yakiwa yamepwa, utazame chini, utaelewa manahodha walikuwa wanapenya wapi.

Njiani utapita michoro ya ukutani, mingine ya Banksy, msanii wa kuchora kutani aliyeanzia mji huu. Ukiwa huko Agosti, ulizia tamasha la maputo makubwa ya hewa ya moto.

Hatua ya 8: Nje ya njia ya watalii

Kwa chakula cha jioni, nenda Stapleton Road, mtaa wa Easton. Jamii ya Wasomali ni kubwa Bristol. Utapata sambusa, wali wa mbuzi na chai ya viungo, na nyama halali bila kuuliza mara mbili.

Asubuhi ya mwisho panda basi hadi Henbury, kaskazini-magharibi mwa mji, uingie uani mwa kanisa la St Mary. Kuna kaburi lenye mawe mawili yaliyopakwa rangi, na sura za malaika watoto weusi zimechongwa juu. Ni la kijana aliyeitwa Scipio Africanus, mtumishi wa bwana mmoja mkubwa, aliyefariki Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Jiwe lina jina la bwana wake pia. Jina alilopewa na mama yake halimo. Niliomba dua pale, nikasafisha majani yaliyoangukia jiwe.

Mwenye siku moja ya ziada aipeleke Hifadhi ya Nyaraka ya Bristol, ndani ya jengo la matofali mekundu la B Bond, ghala la zamani la tumbaku. Humo zimehifadhiwa picha, filamu na sauti zilizokusanywa kutoka makoloni ya Uingereza, na za Afrika Mashariki zimo. Waandikie barua pepe wiki kadhaa kabla, uwatajie mji, wilaya na miaka unayoitafuta, ili wakutolee masanduku yenyewe. Beba penseli, kalamu ya wino haikaribishwi mezani.